Noti za kale za Urusi: soma sahihi (saini) kabla ya mwaka

Muuzaji akikwambia "hii ni ya 1898", bado hajakwambia kitu. Rubli 1 ya mwaka huo iliendelea kuchapwa kwa miaka mingi, mwaka ulioandikwa juu yake ukiwa uleule. Angalia sahihi ya mkuu wa Benki ya Taifa: Pleske, aliyeondoka 1903, kisha Timashev, Konshin na mwisho Shipov. Ya Pleske ni adimu, ya Shipov zimejaa minadani. Halafu tazama namba. Tarakimu sita ni za awali. Herufi mbili na tarakimu chache ni za wakati wa vita, noti nyingi zilipobebeshwa namba moja ya mfululizo. Hizi nunua za kujifunzia, wala usidanganywe kwamba zitakutajirisha.

Kazi yenyewe iko kwenye asignati, noti za kwanza kabisa, zilizoanza 1769 chini ya Katerina II kwa thamani ya rubli 25, 50, 75 na 100. Ile ya 75 iliondolewa 1771 kwa sababu wajanja walikuwa wakigeuza 25 kuwa 75. Ukiuziwa ya 75 kwa bei nafuu, aga uondoke.

Toleo la 1786 ndilo Napoleon alilolighushi kwa wingi, hasa rubli 25. Noti halali za toleo hilo zilitiwa sahihi kwa mkono, kwa kalamu na wino. Chukua kioo cha kukuzia: wino halisi umezama kwenye karatasi, mistari ina unene tofauti, na pengine umetokea upande wa pili. Kwenye nyingi za Napoleon sahihi zimechapwa, na baadhi zina kosa la herufi, Л mahali pa Д. Ila kipimo hiki kisitumike kwa noti za kuanzia toleo la 1818, maana hapo sahihi ya mkuu wa benki, Khovansky, ilichapwa kihalali; ya mtunza fedha tu ndiyo ya mkono. Wengi hukosea hapa. Na usiitupe noti ya Napoleon, ina wakusanyaji wake.

Kwa nakala za kisasa, washa taa ya urujuanimno (UV) gizani. Karatasi ya leo hung'aa samawati, ya zamani ya matambara hubaki imefifia. Lakini noti iliyofuliwa kwa sabuni nayo huweza kung'aa, kwa hiyo iinue pia kwenye mwanga utafute alama ya maji, yaani ile iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe.

Usioshe, usipige pasi. Maji hufifisha wino wa sahihi, na pasi hulaza mhuri wa kubonyeza, ule usio na wino, ambao ni sehemu ya ushahidi. Selotepu ikishakaa usiing'oe mwenyewe, kwani huondoka na nyuzi za karatasi. Hifadhi kwenye bahasha za poliesta. Plastiki laini ya PVC huanza kunata baada ya muda, na noti ikanata nayo.