Deni la vita, hatifungani za Hamilton na uasi wa wiski

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Historia Kidato cha Tano na cha Sita. Tukifika kwenye serikali ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na deni lililoachwa na vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, wanafunzi hunibana kwa maswali. Kwa nini serikali iliwalipa walanguzi thamani kamili ya hati za deni hilo walizozinunua kwa bei ya kutupa? Kwa nini ilibeba na madeni ya majimbo? Je, uasi wa wiski wa 1794 ulitokana na deni hilo? Na Thomas Jefferson, aliyeupinga mpango huo wa Hamilton, Waziri wa Fedha, kwa nini hakuufuta aliposhika urais? Naomba maelezo yenye hesabu, maana kwa maneno matupu hawaridhiki.

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wameshika penyewe. Deni na uasi hufundishwa kama mada mbili, na mwanafunzi akizitenganisha hataelewa kwa nini mkulima wa milimani alimwelekezea bunduki ofisa wa kodi wa serikali ambayo baadhi ya majirani zake waliipigania.

Anza na hali aliyoikuta Washington alipoapishwa New York tarehe 30 Aprili 1789. Chini ya Mkataba wa Shirikisho, yaani makubaliano ya majimbo yaliyotangulia Katiba, Bunge halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Liliyaomba majimbo michango, nayo yalitoa yalipopenda. Mwaka 1781 Bunge liliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwenye bidhaa kutoka nje. Ilihitajika idhini ya majimbo yote 13, Rhode Island ikakataa, mpango ukafa hapo. Fedha za karatasi zilizochapwa wakati wa vita zilikuwa zimeshapoteza thamani, na askari wengi walirudi nyumbani na hati tu, yaani karatasi ya ahadi: serikali inadaiwa na fulani kiasi fulani, italipa.

Mtu aliyerudi shambani na hati ya namna hiyo alikuta mbegu zinahitajika, kodi ya jimbo inadaiwa, na mwenye duka hataki kusikia habari za ahadi. Akaiuza. Hati nyingi ziliuzwa kwa senti 15, 20 au 25 kwa kila dola, na wanunuzi wakawa watu wa mijini wenye fedha taslimu na wenye kusikia mapema nini kinazungumzwa serikalini.

Januari 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alipeleka Bungeni ripoti yake kuhusu deni. Deni la nje, hasa kwa Ufaransa na wakopeshaji wa Uholanzi, lilikuwa dola milioni 11.7 hivi. Deni la ndani la serikali kuu, pamoja na riba iliyolimbikizwa, lilikuwa karibu milioni 40. Madeni ya majimbo aliyakadiria kuwa milioni 25. Alipendekeza yote yachukuliwe na serikali kuu, na hati za zamani zibadilishwe kuwa hatifungani mpya, yaani hati za mkopo ambazo serikali huzilipia riba.

Sasa hesabu, na hii iandike ubaoni. Chukua hati ya dola 100, tukiacha pembeni riba ya nyuma, ambayo ilipewa hatifungani za asilimia 3. Kwa sheria ya Agosti 1790, theluthi mbili za hati hiyo, yaani dola 66.67, ziliingizwa kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 6 kuanzia mwanzo. Theluthi iliyobaki nayo ilikuwa ya asilimia 6, ila riba yake iliahirishwa hadi 1801. Kwa hiyo miaka kumi ya kwanza mwenye hati alipata dola 4 kwa mwaka, kisha dola 6. Kwa askari aliyeitunza hati yake, hiyo ni asilimia 4 ya jasho lake. Kwa aliyeinunua kwa dola 20, dola 4 kwa mwaka ni asilimia 20 ya fedha aliyotoa, tena hati yenyewe imepanda bei mkononi mwake. Wanafunzi wakiiona hesabu hii hawatahitaji kuelezwa kwa nini watu walikasirika.

James Madison, aliyekuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi, alipendekeza mgawanyo: mwenye hati wa sasa alipwe bei ya juu kabisa ya soko, na kinachobaki apewe mwenye hati wa kwanza. Hamilton alijibu kwamba hati inayouzika ni mali ya anayeishika. Mnunuzi alibeba hatari ya kutolipwa kabisa, na serikali ikianza kuchambua nani anastahili na nani hastahili, hakuna atakayenunua ahadi zake tena. Februari 1790 Baraza lilikataa pendekezo la Madison kwa kura 36 dhidi ya 13.

Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kufundisha historia ya fedha za umma, ni kwamba kuhusu soko Hamilton alikuwa sahihi. Hatifungani zilipanda thamani upesi, na nchi iliyokuwa haikopesheki ikawa inakopesheka. Lakini sikubali kwamba madai ya askari yalikuwa ya huruma tu. Yule mtu hakuuza kwa hiari ya mfanyabiashara. Aliuza kwa sababu mdeni wake, yaani serikali, alichelewa kumlipa. Mdeni anayesababisha hasara kwa kuchelewa ana deni la pili, na deni hilo la pili halikulipwa.

Madeni ya majimbo yalileta ugomvi wa namna nyingine. Massachusetts na South Carolina zilikuwa zimeelemewa. Virginia ilikuwa imeshalipa sehemu kubwa ya lake na haikuona sababu ya kuwalipia wengine. Hoja ya Hamilton ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kihasibu: wenye fedha wakidai serikali kuu, watataka serikali kuu iishi. Mswada ulikwama hadi Juni 1790, Jefferson alipowakaribisha Hamilton na Madison chakula cha jioni nyumbani kwake New York. Pale yakazungumzwa maelewano: wabunge kadhaa wa kusini waache kuzuia mpango wa madeni, na makao makuu ya nchi yahamie kando ya Mto Potomac, baada ya kukaa Philadelphia miaka kumi.

Hapa ndipo kiungo ambacho wanafunzi wako wanakitafuta. Ushuru wa forodha ulikuwa tegemeo kuu la mapato, na ulikuwa umeshabanwa na riba ya deni la nje na la ndani. Desemba 1790 Hamilton aliliambia Bunge kwamba zinahitajika zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka kulipia riba ya madeni ya majimbo yaliyochukuliwa, na akapendekeza ushuru wa bidhaa kwenye pombe kali. Sheria ikapita Machi 1791. Kwa hiyo jibu ni ndiyo: kodi ya wiski ilibuniwa ili riba ya deni ilipwe.

Ilimwumiza vipi mtu wa milimani? Mpikaji wa kijijini aliweza kulipa senti 60 kwa mwaka kwa kila galoni ya ujazo wa mtambo wake. Mwenye mtambo wa galoni 50 alidaiwa dola 30, awe amepika mwaka mzima au wiki chache baada ya mavuno. Aliyetoa galoni 1,000 alilipa senti 3 kwa galoni. Aliyetoa galoni 100 alilipa senti 30. Angeweza kuchagua kulipa senti 9 kwa kila galoni aliyopika, ila hapo alipaswa kutunza hesabu na kukubali ukaguzi. Zaidi ya yote, kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Magharibi mwa Pennsylvania wiski yenyewe ndiyo ilikuwa fedha: vibarua walilipwa nayo na dukani ilipokelewa. Nafaka haikubebeka kuvuka milima kwa faida, lakini mapipa mawili ya wiski mgongoni mwa farasi yalivuka.

Tusimbebeshe Hamilton kila kitu. Watu wale walikuwa na vinyongo vingine. Hispania ilizuia biashara yao kwenye Mto Mississippi. Jeshi la serikali kuu lilishindwa vibaya na mataifa ya Wahindi Wekundu mnamo Novemba 1791, askari zaidi ya 600 wakauawa. Na aliyeshtakiwa kwa kukwepa kodi aliitwa mahakamani Philadelphia, safari ya kilomita 480 hivi, akiacha shamba wakati wa mavuno. Hati za wito za namna hiyo ndizo zilizowasha moto Julai 1794. Umati ulivamia Bower Hill, nyumba ya mkaguzi wa kodi John Neville, nyumba ikachomwa na kiongozi wa wavamizi, James McFarlane, akapigwa risasi akafa. Agosti 1 watu karibu 7,000 walikusanyika Braddock's Field.

Washington aliita wanamgambo karibu 13,000 na kwenda nao mwenyewe hadi Bedford. Walipofika, hakukuwa na jeshi la kupigana nalo. Watu wawili walitiwa hatiani kwa uhaini, naye akawasamehe.

Na Jefferson? Alichokiweza alikifanya: mwaka 1802 kodi za ndani zilifutwa, ya wiski ikiwemo. Waziri wake wa Fedha alikuwa Albert Gallatin, mtu wa magharibi hiyohiyo ya Pennsylvania, aliyehudhuria mikutano ya wapinga kodi na kuwasihi wasishike silaha. Lakini hatifungani hawakuzigusa. Ile theluthi iliyoahirishwa ilianza kudai riba 1801, mwaka ambao Jefferson aliapishwa, nao wakalipa. Mwaka 1803 ndiyo ikaonekana faida yake: Louisiana ilinunuliwa kwa dola milioni 15, na milioni 11.25 kati ya hizo zililipwa kwa hatifungani za asilimia 6. Kwa sifa ya kutolipa, nani angezipokea? Pamoja na mzigo huo, Gallatin aliliteremsha deni kutoka kama milioni 83 mwaka 1801 hadi milioni 45 hivi mwaka 1812.

Udhaifu wa mpango wao ni kwamba sasa kila kitu kilining'inia kwenye forodha. Desemba 1807 Jefferson alipiga marufuku meli za Marekani kwenda nchi za nje, na mapato ya forodha yakashuka kutoka zaidi ya dola milioni 16 mwaka 1808 hadi milioni 7 na kidogo mwaka uliofuata. Kisha ikaja vita na Uingereza ya 1812. Mwaka 1813 Bunge likarudisha kodi za ndani, pamoja na leseni kwa kila mwenye mtambo wa kupika pombe. Rais aliyeitia sahihi sheria hiyo ni James Madison.