Orodha mbili, idadi mbili: si lazima mtu awe muongo

Ndugu yangu, umeuliza kama hesabu za Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga hadi kufa, kutofautiana ni dalili kwamba kuna anayetudanganya. Mimi nimekuwa nikilinganisha orodha za waliopotea hapa Malindi na Lamu, na tofauti peke yake hainishtui.

Miili iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023 ilizidi 400. Meza ya Msalaba Mwekundu hapa mjini iliandika watu zaidi ya 600 waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Hivyo ni vitu viwili. Wapo waliotafutwa wakapatikana hai. Wapo pia waliozikwa bila kuripotiwa na yeyote: nyumba ikihamia msituni nzima, baba, mama na watoto, nani abaki akaandikishe? DNA nayo hukwama hapo hapo, maana mwili usio na jamaa wa kutoa sampuli haupati jina.

Swali la maana ni hili: majina mangapi yamo katika orodha zote mbili? Wataalamu wa samaki wana hesabu yake. Huvua, huwatia samaki alama, huwarudisha majini, kisha huvua tena waone wenye alama ni wangapi. Kwetu orodha ya kwanza ni kama samaki wenye alama, ya pili ni kama mvuo wa pili. Tuseme orodha ya kanisa ina watu 200, ya wazee wa kijiji 150, na 50 wamo kote. Majina ni 300. Sasa zidisha 200 kwa 150, ugawe kwa 50: unapata 600. Yaani huenda 300 hawajaandikwa popote.

Tume ya Ukweli ya Peru ilitumia njia ya ukoo huo huo mwaka 2003. Ilikuwa na majina 23,969 ya waliouawa au kupotea katika vita vya ndani vya nchi hiyo, ikakadiria 69,280, kati ya 61,007 na 77,552. Wengi walikuwa wasemaji wa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milimani, wanavijiji wa mbali na mji mkuu, Lima. Makadirio hayo yamepingwa na wataalamu wengine, na ni haki yao, kwa sababu njia imewekwa wazi.

Kazi ngumu ni kuoanisha majina, na kwetu ni kibarua hasa. Mgiriama humpa mwanawe jina la babu: Kazungu Charo anamzaa Charo Kazungu, naye anamzaa Kazungu Charo mwingine. Ukitazama jina tu, umeshamzika mjukuu mahali pa babu. Lamu utawakuta akina Athman Omar mtaa mzima, na akina mama wanaojulikana kwa majina ya wanao. Umri watu hukisia, ndiyo maana orodha hujaa 30, 40, 50. Mimi huuliza kijiji, jina la mama, na nani alimwona mara ya mwisho.

Na tahadhari: mzee mmoja akiwatuma watu wale wale wakaandikishe kote kuwili, wanaojirudia huongezeka na makadirio hushuka. Kwa orodha mbili tu huwezi kuligundua hilo. Tafuta ya tatu, hata ya nne. Kikundi chenu kinachokusanya majina kisiziunganishe orodha halafu kikatupa nakala za mwanzo. Zikishachanganywa, hesabu hii haifanyiki tena.