Re: Kamera inagoma kufokasi ukumbini, fleshi nayo inachelewa

Mkuu, hiyo kamera sio mbovu, giza tu. Cheki kwanza kama umeiacha kwenye AF-C (fokasi inayofuata kitu kinachotembea), au AI Servo kwa watu wa Canon, maana kwenye modi hiyo ile taa nyekundu ya kusaidia fokasi haiwaki, we rudisha AF-S au One Shot (fokasi inayoshika mara moja na kutulia), tumia pointi ya katikati halafu lenga pale kola nyeupe inapokutana na koti jeusi, usilenge shela tupu, fokasi haina kitu cha kushika hapo. Fleshi kuchelewa mara nyingi ni betri, weka za kuchaji za NiMH. Na acha kumpiga bwana harusi fleshi ya moja kwa moja usoni bana, dari likiwa jeupe geuza fleshi juu mwanga udunde darini, ISO 1600 (wepesi wa kupokea mwanga), f/2.8 (uwazi wa lenzi), spidi ya shata 1/125 inatosha. Mkiwa chini ya turubai jeusi, kudundisha fleshi hapo sahau.