Kuchagua gia ya bagi ya rimoti: anza na kona

Mota yangu ya kwanza ya maana niliiua kwa meno 3. Bagi yangu, kigari cha mbio cha kuendeshwa kwa rimoti, cha kipimo cha 1:10 na kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma, ilikuwa na pinioni (gia ndogo inayokaa kwenye mota) ya meno 21. Kila raundi kulikuwa na mwenzangu mmoja aliyenipita kwenye mstari mnyoofu, na kila aliponipita roho iliniuma. Nikafungua sanduku la spea, nikatoa pinioni ya meno 24, nikafunga. Raundi za mwanzo kigari kilipaa kweli. Kufika dakika ya 4 kikaanza kulegea, nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, na nilipokishusha mezani mota haikushikika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Baadaye nilikwenda kusimama pembeni ya njia nikamtazama yule mwenzangu akikimbiza peke yake. Kwenye ule mstari mnyoofu hakuwa na cha ajabu. Alichonizidi kilikuwa kwenye kona ya kabla yake: akibana triga, kigari kinaondoka papo hapo, kwa hiyo anauingia mstari akiwa tayari na mwendo. Mimi kigari changu kilikuwa bado kinajivuta. Tangu siku hiyo gia naichagua kwa kuangalia kona ya polepole kuliko zote, na mruko unaohitaji nguvu ya ghafla. Mwendo wa mwisho nauacha uje wenyewe.

Hesabu yake si ngumu, na ni vizuri uijue kwa kichwa. Hesabu meno ya gia kubwa, ile inayozungushwa na pinioni, gawanya kwa meno ya pinioni, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani wa giaboksi, ambao utaupata kwenye kijitabu cha kigari. Tuseme gia kubwa ina meno 72, pinioni 20, na giaboksi ni 2.6. Unapata 9.36, yaani mota inazunguka mara 9.36 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gia ni fupi: nguvu nyingi, mwendo wa mwisho mdogo, mota inapumua. Namba ikishuka, gia inarefuka na mota inabeba mzigo mzito zaidi.

Kuongeza jino moja kwenye pinioni ya 20 ni badiliko la asilimia 5. Kupunguza jino moja kwenye gia kubwa ya 72 ni asilimia 1.4 tu. Kwa hiyo ukitaka kusogea sana, gusa pinioni. Ukitaka kurekebisha kidogo, gusa gia kubwa. Mimi niliruka kutoka 21 hadi 24 kwa mara moja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 14, na hakuna mota inayovumilia hivyo bila kulalamika.

Sasa, utajuaje kama gia iliyopo ni sahihi? Tumia masikio kwanza. Simama karibu na mstari mrefu kuliko yote na usikilize mlio wa mota. Ukiusikia umefika juu kabisa na kutulia katikati ya mstari, gia ni fupi mno, kwa sababu nusu ya pili ya mstari hupati kitu. Ukiusikia bado unapanda wakati unaposhika breki, na kwenye kutoka kona kigari kinasuasua, gia ni ndefu mno. Mlio unaotulia hatua chache kabla ya breki ndio ninaoutafuta. Kama nikilazimika kuchagua kati ya fupi kidogo na ndefu kidogo, nachukua fupi bila kusita. Kona ni nyingi, mstari mrefu ni mmoja.

Baada ya masikio, kipimajoto. Nunua kile cha kulenga kwa mwanga. Hakuna kifaa kilichoniokolea pesa kama hiki. Anza na pinioni yenye jino 1 au 2 pungufu ya ile inayopendekezwa na mtengenezaji wa mota, kimbiza dakika 2, shusha, pima papo hapo. Kisha kimbiza dakika 5 kamili, upime tena. Mimi mpaka wangu ni nyuzi 75 za Selsiasi mwisho wa mbio. Nikivuka hapo, narudisha jino hata kama kigari kilikuwa kinanifurahisha. Usishangae ukiona joto linaendelea kupanda hata baada ya kusimama, maana upepo wa mwendo umekatika huku moto wa ndani ukiendelea kutoka nje.

Naomba jambo hili la joto ulichukulie kwa uzito. Gia ndefu huifanya mota ivute umeme mwingi zaidi, na joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: umeme ukizidi mara 2, joto linazidi mara 4. Tena sumaku zilizomo ndani zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu isirudi tena. Mota itapoa, itazunguka, utadhani imepona, kumbe si ile tena. Nilihangaika wiki nyingi na mota ya namna hiyo, nikibadilisha springi na mafuta ya shoki, na tatizo halikuwa huko.

Njia nayo ina neno lake. Zulia au udongo mgumu unaoshika tairi sana unaichosha mota kuliko udongo wenye vumbi, basi gia iliyokuwa salama jana mahali pengine ipime upya. Njia fupi yenye kona za kubana inataka jino 1 au 2 pungufu. Kwenye utelezi, ukiwa na mota kali, jino 1 la ziada linaweza kusaidia kwa kupunguza ule msukumo wa ghafla unaozungusha matairi bure, ilimradi joto likubali.

Kuhusu ufungaji nitasema machache. Hakikisha pinioni na gia kubwa ni za ukubwa mmoja wa meno. Zile za 48 (meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo) na za moduli 0.5 (nusu milimita ya kipenyo kwa kila jino) zinafanana sana machoni, lakini zikikutana zinakulana. Weka kipande cha karatasi nyembamba kati yake, sukuma mota, kaza, kisha toa karatasi. Inatakiwa kubaki nafasi ndogo ya kuchezea. Zungusha gia kubwa na ujaribu sehemu 4 au 5, maana nyingine si duara kamili. Skrubu ya pinioni ikae kwenye ubapa wa shafti, na uipake gundi ya kuzuia skrubu isilegee.

Na kila jino unalobadilisha liandike kwenye daftari pamoja na joto, aina ya njia na hali ya matairi. Matairi nayasisitiza kwa sababu watu wengi huyasahau. Tairi jipya la kipenyo cha milimita 86 likilika hadi 82, umbali linaokwenda kwa kila mzunguko unapungua karibu asilimia 5, sawa na kuondoa jino zima kwenye pinioni ya 20. Ukishafunga matairi mapya, gia uliyoizoea imerefuka bila wewe kuigusa, kwa hiyo toa kipimajoto tena kabla ya mbio za kwanza.