Jibu: Marian Anderson alikuwa mwimbaji wa opera kweli?

Ndugu, umeuliza kwa nini anaitwa mwimbaji wa opera ilhali rekodi zake nyingi ni za matamasha. Una haki ya kushangaa, maana Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera (tamthilia za kuimbwa) la New York, ilimfungulia mlango tarehe 7 Januari 1955, akiwa na miaka 57! Aliimba kama Ulrica, mpiga ramli, katika opera ya Verdi, mtunzi Mwitaliano. Hakuna Mmarekani Mweusi aliyewahi kuimba kama mhusika pale kabla yake.

Kilichomchelewesha si sauti. Alikuwa kontralto, ile sauti ya kike nzito ya chini kabisa, na Ulaya ilishamshangilia tangu miaka ya 1930. Ni rangi ya ngozi tu. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall jijini Washington, akaimba nje, kwenye ngazi za Lincoln Memorial, mnara wa kumbukumbu ya Rais Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000, na redio ikarusha.

Kwa masikio yangu, mwaka 1955 sauti ilishapita kilele chake. Ukitaka kumsikia hasa, anza na rekodi za miaka ya 1930, za nyimbo za mtunzi Schubert na zile nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi.