Kabati la chini ya lavabo (sinki la kunawia): anza na kingo

Yaya, umeniuliza kama kupaka verni (vanishi) milangoni kutazuia kabati lako la bafuni kuvimba: hakutazuia. Maji hayaingilii mbele. Yanaingilia kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno: ukingo wa chini unaogusa sakafu, na lile tundu la nyuma linalopitisha bomba. Ubao wa kabati kama hilo ni chembe za mti zilizogandamizwa kwa gundi. Uso wake umefunikwa, lakini ukingo ulio wazi unakunywa maji kama sponji. Natengeneza makabati hapa Kadutu, mjini Bukavu, na mengi ninayoletewa yameanza kuharibika kwenye tundu la bomba, milango yake ikiwa bado mizima.

Litoe, likauke kabisa (msimu huu wa mvua usiharakishe), pitisha msasa, halafu paka kingo zote rangi ya mafuta mara mbili, hata ndani ya tundu. Lavabo inapokutana na ukuta, ziba kwa silikoni. Chini weka vipande vya vigae ili kabati lisikae kwenye maji ya kuoga. Ila pale palipokwisha kuvimba hapatarudi, ni kukata na kubadilisha kipande.

Kuhusu lile doa uliloniuliza, la juu ya kabati: kama sehemu hiyo ni ya marumaru, usiguse kwa ndimu wala siki, asidi inayala na mng'ao unapotea. Sabuni laini tu. Na tafadhali, Javel (dawa ya klorini ya kung'arisha) usiichanganye kamwe na siki, hewa inayotoka ni sumu.