Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Mbwa Ananuka Kila Siku, Nimuogeshe na Nini?

Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Tabata, Dar. Wiki iliyopita baba watoto kaja na mbwa mdogo kapewa na mtu kazini, wanasema ana wiki 6, ni wa kienyeji tu. Ishu ni kwamba ananuka na ana viroboto balaa. Watoto wanamuogesha kila jioni kwenye beseni kwa sabuni ya unga, juzi nikawaongezea na kifuniko cha Dettol, lakini asubuhi ananuka vilevile na sasa ameanza kutetemeka na kujikuna mpaka analia. Analala kwenye boksi nyuma karibu na bomba la kufulia, tumemtandikia gunia. Nimuogeshe na nini jamani?

Marahaba mama, na pole. Cha kwanza kabisa waambie watoto leo jioni wasimuogeshe. Najua wanampenda na wanafanya kwa moyo mmoja, ila mbwa wa wiki 6 ni mdogo sana, akiloweshwa jioni halafu akarudi kwenye gunia lenye unyevu baridi inamwingia usiku kucha, huko kutetemeka kunaweza kuwa ni baridi na kunaweza kuwa ni damu imepungua, kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma hebu mfunue mdomo uangalie fizi. Zikiwa na rangi ya waridi vizuri, tunaendelea. Zikiwa zimepauka au nyeupe, mfunge kwenye kitambaa kikavu umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho, kwa sababu viroboto wengi wanaweza kumnyonya damu mtoto wa mbwa mpaka akafa, na watu wengi hawaamini hili mpaka liwatokee.

Sasa hiyo sabuni. Sabuni ya unga na ya mche ni kali kwa ngozi yake, ngozi ya mbwa ni laini kuliko yetu, inakauka inapasuka halafu inawasha, kwa hiyo sehemu ya kule kujikuna mnamsababishia wenyewe. Na Dettol acha kabisa, mbwa anajilamba mwili mzima na ile dawa ikiingia tumboni ni sumu kwake. Mafuta ya taa ndo hata usithubutu, hata kama majirani watakushauri.

Na harufu hairudi asubuhi kwa sababu hamjamsugua vya kutosha, inarudi kwa sababu inamngoja palepale kwenye gunia. Gunia limenyonya mkojo, liko karibu na maji, halikauki. Na viroboto ni hivyohivyo, hao unaowaona wanarukaruka mwilini ni wachache tu, mayai na watoto wao wako kwenye boksi na kwenye nyufa za sakafu, unamsafisha yeye anarudi kulala juu ya wenzao. Kwa hiyo usafi wa papi anza nao pale anapolala. Boksi na gunia choma vyote. Tafuta boksi lingine au karai pana, tandika matambara ya pamba, yawe mawili mawili ili moja likiwa juani lingine analo, uyafue kwa maji ya moto na uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Fagia na kupiga deki mahali pote alipokuwa analala, rudia kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki kadhaa maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Na mhamishe pale bombani, akae pakavu.

Kwa hao viroboto wa mwilini, maadam fizi ziko sawa na ametulia hatetemeki tena, muogeshe mara moja tu, saa sita saba mchana jua likiwepo, maji ya uvuguvugu (chovya kiwiko chako kama cha mtoto mchanga, usisikie moto wala baridi) na shampuu ya watoto wa mbwa, ukikosa hata shampuu laini ya watoto itafaa kwa siku moja. Anza na povu shingoni, lizunguke kama kola, kwa sababu maji yakigusa mgongo viroboto wote wanakimbilia kichwani masikioni na machoni. Kichwa kipitishie kitambaa tu. Acha povu dakika chache huku umemshika, pita na kitana chembamba na kila ukitoa kitana kichovye kwenye maji ya sabuni, wanazama humo. Suuza mpaka usisikie utelezi, kausha na taulo mpaka kwenye makwapa na katikati ya vidole, mkumbatie mpaka apate joto. Baada ya hapo ni kitambaa chenye maji ya uvuguvugu tu sehemu iliyochafuka, na akishafika wiki 8 kwenda mbele mara moja kwa mwezi inamtosha.

Dawa za agroveti uwe makini nazo mno. Usikubali kupimiwa ile ya kuogeshea ng'ombe kwenye kichupa, kwa mbwa wa umri huu inaweza kumuua. Kuna spreyi ya fipronil (dawa ya viroboto) inayoruhusiwa hata kwa wadogo sana, ila za kudondoshea mgongoni nyingi zinataka wiki 8, kwa hiyo muulize daktari ukimtajia umri na uzito. Siku hiyohiyo apewe dawa ya minyoo (viroboto wenyewe wanaleta tegu) na aanze chanjo, zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, ya kichaa cha mbwa kwa kawaida akiwa na miezi 3. Kabla hajamaliza chanjo usimpeleke kuogeshwa ufukweni pamoja na mbwa wa watu, parvo (kirusi hatari kwa watoto wa mbwa) inakaa kwenye udongo miezi na miezi.

Watoto wapewe kazi nyingine: kila siku wamshike kidogo miguu, masikio, mdomo, wampitishie brashi laini dakika mbili. Mbwa akizoeshwa umri huu, akiwa mkubwa unamkata kucha bila vita.

*

Dokta, wa kwangu ana miezi 4, manyoya yananyonyoka kuzunguka macho na mdomo. Jirani anasema nimpake oili chafu ya gari. Msomaji, Nakuru.

Usimpake! Ataila akijilamba, na ngozi itaungua. Huo huenda ni utitiri (vidudu vidogo sana vya kwenye ngozi), na uko wa aina zaidi ya moja, kuna usiowasha sana na hauambukizi, kuna unaowasha vibaya na unawapata hata watu. Kwa macho huwezi kutofautisha, daktari anakwangua ngozi kidogo anaangalia kwenye hadubini. Mpeleke.

*

Habari dokta, tuko Morogoro, papi ana vipele tumboni vyenye tundu, nikiminya naona kitu kinacheza ndani.

Ni funza wa nzi. Nzi anataga kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo au kwenye nguo mbichi, papi akilala hapo funza anaingia kwenye ngozi. Paka vaselini nene juu ya tundu ili funza akose hewa, ngoja nusu saa hivi, atajitokeza, minya taratibu pembeni kwa vidole viwili atoke mzima, akipasukia ndani panaoza. Osha kwa maji ya chumvi. Vikiwa vingi mpeleke kwa daktari. Halafu matandiko yake yapige pasi pande zote mbili kabla hujamtandikia, na nguo za watoto wako pia.